Mama wa kiti cha magurudumu, kutoka Luanda hadi uwanja wa ndege Kisumu: gari, kaunta, samaki

mwana_wa_luanda

Wadau, salamu. Mama ana kliniki Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, Jumatano saa mbili asubuhi. Magoti yamemwishia: anasimama na kupiga hatua chache akishikwa mkono, zaidi ya hapo ni kiti cha magurudumu. Kiti ni chake, cha kusukumwa, kinakunjika na hakina betri. Kumkalisha kwenye basi kutoka hapa Luanda (yetu ya Vihiga, Kenya) kupitia Kericho na Nakuru ni kumtesa, kwa hiyo tunataka apande ndege Kisumu Jumanne, dada yangu akimsindikiza. Tiketi bado hatujakata.

Naomba wanaoujua uwanja wanifafanulie. Msaada wa kiti unaombwaje, na atumie chake au cha uwanja? Ndege ina ngazi, atapandaje? Kutoka Luanda tupande matatu hadi kwenye makutano ya uwanja kisha tutafute tuktuk, au tukodi gari toka nyumbani? Tufike mapema kiasi gani? Halafu, msinicheke: mama hajawahi kwenda kwa wajukuu mikono mitupu. Anataka kubeba mbuta (sangara), omena (dagaa) na kuku wawili.

kaunta_ya_pili

Afadhali hujakata tiketi, kwa sababu mengi ya haya huharibika kwenye tiketi, siku kadhaa kabla ya mtu kuliona jengo la uwanja. Jina la "uwanja wa kimataifa" lisikutishe. Kisumu ni uwanja mdogo, na abiria wengi ni wa kwenda na kurudi Nairobi. Ukishaingia mlangoni, umbali hadi kaunta, ukaguzi na ukumbi wa kusubiri ni mfupi. Lakini udogo huo maana yake pia ni kwamba hakuna rundo la wahudumu wanaongoja kuitwa. Usipoandikwa, hukupangiwa mtu.

Msaada unaombwa wakati wa kununua tiketi, angalau saa 48 kabla ya safari. Ukinunua kwa simu au tovuti, tafuta sehemu ya msaada maalumu. Usipoiona, nunua kisha piga simu siku hiyohiyo ukiwa na ile namba ya kuwekewa nafasi (booking), yenye herufi na tarakimu sita kwa jumla. Usiridhike na "sawa, tumeweka". Muulize mhudumu ameandika kifupi gani, kwa sababu viko vitatu na havifanani:

WCHR: anapanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, mwendo mrefu tu ndio unaomshinda.
WCHS: ngazi haziwezi, ila ndani ya ndege anajikongoja hadi kitini.
WCHC: hatembei kabisa, anabebwa mpaka kitini.

Mama yako, kwa maelezo yako, ni WCHS. Linaloharibika mara nyingi ni familia kusema tu "anahitaji kiti", mhudumu anaandika WCHR, na siku ya safari analetwa msukumaji mmoja. Anamsukuma mama vizuri sana hadi chini ya ngazi, halafu hapo watu wanaanza kutazamana.

Sasa ngazi zenyewe. Jambojet hutumia Dash 8-400, ile ya mapanga. Mlango wake uko chini na ngazi zimo ndani ya mlango wenyewe: ni fupi, ila nyembamba, mtu wa kumshika anasimama mbele au nyuma, si ubavuni. Kenya Airways kwa safari za ndani hutumia sana Embraer 190, jeti, ambayo mlango wake uko juu zaidi. Kwa mtu anayeweza kujivuta ngazi chache akishikiliwa, Dash ni nafuu. Kwa asiyeweza hata moja, aina ya ndege si hoja kubwa, hoja ni vifaa. Uliza hivi: "Jumanne hapo Kisumu atainuliwa kwa gari la kuinulia abiria au atabebwa kwa kile kiti chembamba cha ndani ya ndege, na watakuwepo watu wangapi?" Halafu uliza vivyo hivyo kuhusu Nairobi. Watu husahau kwamba aliyepanda atashuka.

Atumie kiti chake mwenyewe hadi mlangoni mwa ndege. Kaunta watakifunga lebo. Waambie mnataka kukipokea mlangoni mwa ndege Nairobi, si kwenye mkanda wa mizigo. Kinasafiri bure na hakiingii kwenye hesabu ya kilo. Kabla ya kukikabidhi chomoeni mto, vibao vya miguu na kila kinachotoka bila spana, vitieni kwenye mfuko, dada aingie navyo. Kipigeni picha pande zote. Kama tairi ni za upepo, asitokee mtu wa kuwaambia mzitoe upepo: sehemu ya mizigo ya ndege hizi ina mgandamizo wa hewa kama ya abiria, tairi haipasuki. Mkizitoa, Nairobi mtamsukuma mama juu ya rimu.

Viti: safu za mbele, lakini kamwe si safu ya mlango wa dharura, maana atahamishwa wakati ndege imejaa. Ndege zote mbili zina viti viwiliviwili. Dada akae dirishani, aingie kwanza. Mama akae kiti cha kando ya njia. Choo cha Dash hakimtoshi vizuri hata mzima, kwa hiyo amalize haja kwenye jengo, choo cha walemavu, kabla ya kuitwa. Hewani hamfikishi saa moja.

Na jina. Wazee wetu wengi wana jina la kitambulisho na jina wanaloitwa kanisani na sokoni. Tiketi iandikwe lile la kitambulisho, herufi kwa herufi. Anayelipa kwa M-Pesa ni mwana, anaandika "Mama Fulani" alivyozoea, na kubadilisha jina baadaye ni gharama au tiketi mpya.

steji_kisian

Nikuongezee upande wa barabara.

Mko upande mzuri. Uwanja uko kwenye barabara ya Kisumu–Busia, kabla ya kuingia mjini, kwa hiyo anayetoka Luanda hagusi Kondele wala katikati ya mji. Anayetoka Kakamega, Ahero au Kisii ndiye mwenye kazi, hasa siku za maandamano ambapo Kondele hufungwa bila taarifa. Wenu ni mstari mmoja: Luanda, Maseno, Lela, Kisian, Otonglo, kisha uwanja, upande wa ziwa. Haifiki kilomita 30.

Barabara ikiwa wazi ni dakika 40 hivi. Usipange kwa dakika 40. Luanda yenyewe siku ya soko inakula muda kabla hujaanza safari. Maseno kuna matuta na wanafunzi. Kati ya Maseno na Kisian barabara inateremka, na malori ya Busia yanateremka kwa gia ndogo. Moja likiharibika hapo, foleni inajengeka pande zote, na hakuna njia ya pembeni ya kumpitishia mgonjwa. Halafu Kisian yenyewe, pale ya Bondo inapoungana na ya Busia. Hesabuni saa moja na nusu toka mlangoni kwenu hadi langoni kwa uwanja.

Kuhusu matatu: magari ya Busia, Siaya, Bondo na Luanda yote yanapita hapo, na kwa kijana mwenye begi la mgongoni ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Kwa mama, hapana, na sababu si starehe. Ukitoka Luanda uwanja uko mkono wa kulia, na sisi tunaendesha kushoto. Matatu itawashusha ng'ambo ya pili ya barabara kuu, mlazimike kuvuka na kiti cha magurudumu mbele ya malori ya mafuta. Kisha kutoka barabarani hadi jengo la abiria bado kuna mwendo ambao hamwezi kuufanya na mizigo. Anayekuja kutoka mjini anashushwa upande wa uwanja, kwa hiyo ushauri wa mtu wa mjini usiuchukue kama ulivyo. Na makanga atataka kiti kiende kwenye karia juu, kifungwe kamba. Hapo ndipo spoku zinapinda.

Kodini gari, na ningesema Noah. Kiti, mabegi na watu wanne wanaingia bila kusongamana. Bei ikubalianwe kabla, na mseme wazi kama dereva atawangoja hadi ndege iruke. Awangoje kweli: ndege ikiahirishwa, gari la kumrudisha mama Luanda usiku halipatikani kirahisi.

Langoni kuna ukaguzi wa usalama. Askari anaweza kutaka kila mtu ashuke na gari lifunguliwe. Dereva ashushe kioo na aseme mapema kwamba kuna asiyeweza kushuka, vitambulisho vikiwa mkononi, si chini ya begi. Hawakatai, kinachowaudhi ni kuambiwa baada ya kupiga kelele. Mkifika mlango wa wanaoondoka, gari haliachwi peke yake hata dakika moja. Ndiyo sababu mnahitaji watu watatu wazima: dereva akae na gari, wewe ukae na mama, dada aende kuongea na askari wa mlangoni amwite mhudumu wa kiti. Wewe usiye na tiketi unaishia hapo mlangoni, kwa hiyo karatasi zote za hospitali ziwe kwa dada kabla hamjaagana. Egesho ni la kulipia, uwe na salio kwenye M-Pesa.

viungo_na_mifupa

Steji_kisian amesema vyema, ila kwenye Noah napingana naye. Kwa magoti mabovu Noah ni mlima. Sakafu yake iko juu, mama lazima apande hatua moja kisha ajigeuze akiwa ameinama. Kiti cha kawaida cha magurudumu, pale pa kukalia, kina kimo cha sentimita 50 hivi. Kiti cha mbele cha Fielder, Probox au gari lolote dogo kiko karibu na kimo hicho, kwa hiyo mtu anahama kwa kuteleza badala ya kupanda.

Fanyeni hivi. Sukumeni kiti cha mbele cha gari hadi mwisho nyuma na mlaze mgongo wake kidogo. Leteni kiti cha magurudumu kwa mshazari kando ya mlango uliofunguliwa wazi, fungeni breki zote mbili, inueni vibao vya miguu. Mama asogee ukingoni mwa kiti, miguu yote miwili chini, asimame akishikwa kiunoni (si kwapani, na wala asivutwe mikono), ageuke kwa hatua ndogondogo hadi makalio yaelekee gari, akae kwanza, ndipo miguu iingizwe mmoja mmoja. Asishike mlango wa gari kama nguzo kwa sababu unacheza. Shuka laini au leso ya kitambaa cha kuteleza juu ya kiti cha gari inasaidia sana kugeuka.

Kiti kikikunjwa kina upana wa sentimita 30 hivi. Buti ya Probox au Fielder inakimeza pamoja na begi kubwa moja. Demio au Vitz haikimezi mpaka mlaze viti vya nyuma, na hapo mtu mmoja anabaki. Mkiita gari kwa programu ya simu, gari dogo la bei ya chini ndilo litakalokuja, kwa hiyo ulizeni aina kabla halijafika.

Dawa zote za mama ziwe kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari. Hata kama begi la chini halijawahi kupotea katika ukoo wenu.

wa_kibuye

Mnamtisha bure. Tuktuk zimejaa Kisumu, sakafu iko chini, kiti cha magurudumu kinafungwa nyuma kwa mpira wa tairi, bei ni ya kuongea. Wagonjwa wanapelekwa hospitali kila siku kwa tuktuk.

steji_kisian

Kutoka Kibuye au mjini, kweli kabisa, ni kilomita chache na tuktuk ni jibu zuri. Yeye yuko Luanda. Tuktuk kwenye mteremko wa Maseno katikati ya malori, na mvua ikinyesha pembeni ni turubai tu. Kama mama angelala Kisumu usiku wa kuamkia safari ningesema tuktuk, basi.

mbuta_kavu

Hakuna wa kucheka, nusu ya mizigo inayotoka Kisumu inanukia ziwa. Inaruhusiwa, lakini kwenye begi la chini, na masharti ni mawili: isivuje, isinuke.

Kwanza hakikisheni tiketi ina begi la chini. Tiketi ya bei ya chini kabisa ya Jambojet ni ya begi la mkononi la kilo 7 tu. Samaki hawaingii hapo na hata wangeingia kaunta ingewarudisha. Chagueni daraja lenye begi la chini, au ongezeni begi mtandaoni mapema. Kulipia mzigo kaunta siku ya safari ni ghali zaidi. Na mpime nyumbani kwa ile mizani ya sokoni ya kuning'iniza. Samaki ni wazito kuliko wanavyoonekana.

Mbuta: asafishwe, akatwe vipande, agandishwe hadi awe jiwe. Nasema jiwe. "Amelala kwenye friji" si kugandishwa, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu aliyepoa tu huanza kutoa maji mkiwa bado Kisian. Pelekeni kwenye friza ya mtu siku mbili kabla. Kila kipande kifungwe kwenye plastiki ya kufungia chakula, kisha karatasi za gazeti tabaka tatu au nne. Gazeti linahifadhi baridi na kunyonya tone likitoka. Halafu vyote viingie kwenye kasha la baridi lenye kuta nene au ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, ifungwe gundi ya utepe pande zote. Mifuko ya plastiki ya kubebea mnajua imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, msijaribu kutokea nayo langoni.

Msitie barafu ya vipande. Inayeyuka, chombo kinavuja, na kinachovuja kinarudishwa au kinaachwa. Pia mnalipia kilo za maji. Badala yake gandisheni chupa mbili tatu za maji za nusu lita, zijazwe robo tatu ili zisipasuke, mzipange kati ya vipande. Zikiyeyuka maji yanabaki ndani ya chupa. Ile barafu kavu ya kemikali inaruhusiwa hadi kilo 2.5 kwa abiria kwa idhini ya shirika la ndege, na chombo chake hakizibwi kabisa kwa sababu inatoa gesi. Kwa safari hii ni kujisumbua. Hesabu ya nyumbani hadi friza ya Nairobi ni saa sita au saba. Mbuta aliyeganda vizuri ndani ya gazeti anafika akiwa mgumu katikati.

Omena iwe kavu kabisa na mchanga umepepetwa. Ile ndoo ya rangi ya lita nne iliyooshwa, yenye kifuniko kinacholia "tap", ndiyo kiboko ya harufu. Gunia hapana.

Kuku hai hapandi na abiria. Wachinjwe jana yake, wapoe, wagande, wafungwe kama mbuta. Najua Luanda kuku aliyekufa kabla ya kufika kwa mgeni ni nusu ya heshima, lakini mama aambiwe mapema ili asije kubishana langoni na kikapu kinachowika.

Jambo moja dogo: benki ya umeme ya simu isitiwe kwenye begi la chini na samaki. Inakaa mkononi. Ya 20,000 mAh ni kama 74 Wh, inapita. Kikomo bila idhini ni 100 Wh.

mwana_wa_luanda

Asanteni sana, nimeandika yote. Fielder ya jirani ipo. Sasa saa: naona kuna ndege za asubuhi, mchana na jioni. Nilitaka ya jioni ili mama asiamke mapema na mimi nimalize kazi. Mnaonaje? Na kuna za kushukia Wilson pia, ule uwanja mdogo wa Nairobi.

upepo_wa_ziwa

Ya jioni ndiyo ningeiepuka kwanza.

Kisumu kuna radi nyingi, na zina saa zao. Mchana jua linapasha nchi kavu, upepo unavuma kutoka ziwani kuja bara, unagonga vilima vya Nandi na Kericho na kupanda juu. Alasiri mawingu yanakomaa, jioni yanamwaga. Machi hadi Mei ndiyo kali zaidi, na Oktoba hadi Desemba tena. Ndege haitui katikati ya radi. Inazunguka ikingoja au inarudi ilikotoka. Mvua hiyohiyo ndiyo inayowakuta Maseno barabarani.

Sababu ya pili: ndege ya jioni ni ileile iliyoanza asubuhi na imeshakwenda na kurudi njia kadhaa. Dakika 20 zilizopotea saa tatu asubuhi hazirudi, zinajumlishwa. Kuchelewa kwa saa mbili jioni kunamfikisha mama Nairobi usiku wa manane, na kliniki ni saa mbili asubuhi.

Ya kwanza alfajiri nayo ina lake. Kisumu asubuhi huwa safi, lakini Nairobi hufunikwa na mawingu ya chini miezi fulani, na ndege inayowafuata huchelewa kutoka huko. Tena inamlazimu mama kuamshwa usiku, na asubuhi magoti yake yamekauka. Kwa hiyo dirisha zuri ni kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, Jumanne. Kazi yako ombea ruhusa.

Kufika: kaunta hufungwa kati ya dakika 30 na saa nzima kabla ya kuruka, kutegemea shirika, na muda huo umeandikwa kwenye tiketi. Kwa abiria wa WCHS mwe langoni saa mbili kabla. Abiria wa viti vya magurudumu hupandishwa kwanza, na mkichelewa nafasi hiyo wanawapandisha mwisho, njia ya ndege ikiwa imejaa watu na mabegi.

Wilson: Safarilink hushuka huko, na kwa anayekwenda Kenyatta ni karibu mno, kilomita chache kupitia upande wa Barabara ya Lang'ata. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mbali zaidi, ingawa barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022 inakupitisha juu ya foleni ya Barabara ya Mombasa. Ukiangalia ramani tu, Wilson inashinda. Lakini ndege za huko ni ndogo, kilo za mizigo huwa chache, na vifaa vya kumwinua mtu ni vichache. Ukitaka Wilson, muulize kwa jina aina ya ndege ya siku hiyo na ngazi zake kabla ya kulipa. Na mbuta wapunguzwe.

kaunta_ya_pili

Nakubaliana na saa. Nimalizie upande wa kufika, na siku ya kurudi.

Nairobi ndege ikisimama, mama asisimame na wengine. Wakae hadi wa mwisho atoke. Dada amkumbushe mhudumu wa ndani kabla ya kutua kwamba kiti kiletwe mlangoni. Wakati huo bado wanaweza kupiga simu chini. Kikija, kikaguliwe palepale: breki zote mbili, magurudumu ya mbele yanazunguka, fremu haijapinda. Kilichoharibika kiripotiwe kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo, mpewe karatasi yenye namba. Ukitoka nje ukarudi kesho, utaulizwa ni nani anajua kilivunjikia wapi. Picha mlizopiga Kisumu ndipo zinapofanya kazi.

Msaada wa kurudi ni ombi jingine. Usidhani umewekwa kwa sababu wa kwenda umewekwa. Kwenye tiketi ya kwenda na kurudi muulize mhudumu asome kifupi kwenye kila mguu wa safari. Na kama daktari atabadilisha tarehe, ukibadilisha tiketi ombi mara nyingi halihami nalo. Piga simu upya.

Kisumu mkirudi, hasa mkifika usiku, gari la Luanda liwe limeshakubaliwa. Madereva wa programu za simu wengi wanakataa Luanda kwa sababu watarudi mjini bila abiria, au wanakubali kisha wanaomba bei nyingine mkiwa mmeshapakia. Jirani wa Fielder apewe namba ya ndege aifuatilie kwenye simu, aondoke Luanda ikisharuka Nairobi, si kabla. Atafika karibu wakati mmoja na mama anapotolewa mwisho, na hatalipia egesho bila sababu.